Utando wa Kitunguu Niliobandua Mimi

Nikisikia harufu ya kitunguu, hasira inanipanda hadi leo. Shuleni kwetu Izigo mwalimu alileta hadubini, na wavulana wote wakashindwa kubandua utando wa kitunguu. Uliwachanikia mikononi. Sisi wasichana tulizoea kumenya ndizi tangu utotoni, nami niliubandua mzima, mwepesi kama bawa la senene. Senene wenyewe tuliwakamata sisi, wakaliwa na wanaume, lakini hayo tuyaache.

"Wavulana kwanza," mwalimu akasema.

Wakachungulia mpaka wingu la ziwani likafunika jua, na kioo cha hadubini kikakosa mwanga.

"Na sisi, Mwalimu?"

"Mtasimuliwa na kaka zenu."

Njiani nikambana kaka yangu.

"Seli za kitunguu zina kuta, kama vyumba," akasema. "Za shavu langu, tulizokwangua kwa kijiti, hazina ukuta, zina utando laini tu. Zote zina kiini. Mwalimu anasema bakteria wana ukuta, ila kiini hawana."

"Kiini kikoje?"

"Aa, kidoa tu."

Kidoa tu, waitu, jamani! Nilibandua mimi, akaona yeye, na mpaka leo sijui hicho kidoa kina rangi gani.