Kioo Alichokivunja Mtani

Mtani hakasirikiwi. Ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo alivyoniambia kila mwenye mdomo pale msibani. Mtani akikutukana, cheka. Akikunyang'anya sahani ya wali, cheka. Akikuvunjia kioo cha gari, napo cheka, kwa sababu eti ni mila. Mimi nilicheka. Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile natamani kujizaba kofi.

Baba alifariki nyumbani kwake Rutamba, msimu wa korosho umekolea. Tulimzika nyuma ya nyumba, kando ya mikorosho yake. Siku hiyohiyo ya maziko, nimekaa jamvini na wanawake, nilisema kwa sauti ili kila mtu asikie: "Mama akimaliza eda namchukua. Atakaa kwangu Lindi." Wanawake wakaitikia, "Inshallah mwanangu, hilo ndilo jambo." Mama, ameinama ndani ya ushungi wake mweupe, hakusema kitu. Nikaona ni msiba.

Nieleze kwa nini nilimtaka. Nilikuwa na miaka saba shangazi aliponichukua kwenda kunisomesha mjini. Tangu hapo mama kwangu akawa mtu wa likizo na sikukuu. Ananipokea, ananisuka, ananipikia, halafu ananisindikiza mpaka barabarani. Kaka yangu yeye hakuondoka. Alimpata mama asubuhi na jioni, miaka yote, na mpaka leo nyumba yake iko hatua chache tu kutoka ya wazazi. Mimi nilikuwa mgeni wa kutandikiwa shuka safi. Sasa nina mume, nina biashara yangu ya samaki wakavu, nina kirikuu changu mwenyewe, kigari cha kubebea magunia kutoka Kivinje, na nikasema zamu yangu imefika. Nilimtaka mama wa kila siku, mama wa kugombana naye kuhusu chumvi kwenye mchuzi.

Siku ya kuanua tanga nimeshafunga mizigo, nataka kurudi kwenye shughuli zangu, mara mtani wetu akatoka ndani. Ni bibi mmoja mrefu, rika la mama, watu wa kwao na wa kwetu wanataniana tangu enzi za mababu. Alikuwa amevaa kanzu ya marehemu baba na kofia yake, mkononi ana mchi, anachechemea kama baba alivyokuwa akichechemea, anakohoa kikohozi kilekile. Watu hoi. Wengine walilia, wengine walicheka, shangazi yangu alifanya yote mawili kwa pamoja. Bibi akaja mpaka kwenye kirikuu changu, akakizunguka na kukikagua matairi.

"Nani kaniletea debe hili uani kwangu?" akauliza kwa sauti ya baba. "Hili ndilo la kumbebea mke wangu? Nimekufa juzi tu, tayari mnanihamishia mke? Thubutu!"

Akainua mchi. Nilidhani atauzuia hewani kama watani wanavyofanya. Wapi! Aliushusha mzimamzima kwenye kioo cha mbele. Pakafanyika kama utando wa buibui mbele ya kiti cha dereva, na ufa mmoja ukatambaa mpaka kona ya juu. Uwanja ukalipuka kwa vicheko na vigelegele. Nami nikacheka, tena nikampa na kitu kidogo cha kumtuliza, kama inavyotakiwa.

Kaka akaniita pembeni. "Umeona?" akasema. "Baba mwenyewe kakataa. Mama asiondoke."

Baba! Baba yuko chini ya ardhi, na fitina iko juu, nikasema moyoni. Kwangu jambo lilikuwa wazi kama mchana. Mama akibaki pale, hakuna atakayethubutu kutaja kugawana mikorosho, na kaka ataendelea kuokota peke yake. Yeye ndiye aliyemtuma bibi, na utani ameufanya pazia. Kuanzia siku ile shikamoo yake niliitoa kwa ncha ya ulimi, na marahaba yake sikuingoja.

Nikarudi Lindi nimeinamisha shingo kama kuku anayesikiliza, maana ufa ulipita palepale macho yanapotazamia. Askari wa barabarani akanisimamisha. "Mama, huko mbele unaona kweli?" Nikamwambia nimevunjiwa na mtani msibani. Akacheka mpaka akashika kofia yake, akaniruhusu nipite. Ukiwa na jambo la kukuuma, Mungu akuepushe lisiwe la kuchekesha, kwa sababu utaumwa peke yako.

Fundi wa vioo alikigusa kwa kidole. "Hiki hakizibiki, mama. Hiki ni cha kutoa." Cha kuweka kiko wapi? Hana. Lindi nzima hakuna. "Wenye kirikuu wote hapa wanaendesha na nyufa zao," akasema, kana kwamba nijiunge nao tu.

Nikasikia kuna kirikuu kilipinduka huko Kilwa Masoko, kioo kikabaki kizima. Nikakifuata. Nikakilaza nyuma juu ya godoro, nikakifunika mablanketi, nikarudi nacho mwendo wa harusi, malori yananipigia honi. Nilikifikisha salama. Fundi akapaka sabuni kwenye mpira, akapitisha kamba kuuzunguka, akaanza kuivuta kwa ndani huku mwenzake akikisukuma kioo kwa nje. Kilikuwa kimebakiza kona moja. Nikasikia tii! Ufa mwingine.

"Kazi ya Mungu, mama," fundi akasema.

"Usimsingizie Mungu," nikamwambia. "Mungu hakushika kamba."

Hapo ilibidi kiagizwe Dar es Salaam. Mara aliyeagizwa hapokei simu, mara basi limekataa kubeba kioo, mara kimeletwa cha gari jingine kabisa. Na kila nilipokwenda Rutamba kumjulia hali mama, kioo ndiyo ilikuwa habari yangu. Nakaa naye chumbani, namsimulia kimekwama wapi, nani kanidanganya, nani nimemtukana. Yeye anachambua mchele kwenye ungo, ananisikiliza, anasema, "Pole mwanangu." Nikimaliza najifunga mtandio, naondoka. Nilijiona mtoto mwema. Nilijiona ninapigania kitu, na kweli nilikuwa ninapigania.

Kioo kilifika, kimesimamishwa nyuma ya kiti cha dereva wa basi, kimefungwa mashuka. Safari hii kiliingia. Kesho yake mama alikuwa anamaliza eda. Nyumbani kwangu chumba kilishapakwa rangi, kitanda kimetandikwa, chandarua kimetundikwa. Niliondoka alfajiri, na sitasema uongo, niliendesha nikiimba.

Nikamkuta ameshaoga, amevaa kanga mpya, udi unafuka, wanawake wamemzunguka. Kaka amekaa kizingitini. Bibi mtani naye yupo, angekosa? Akakitazama kirikuu. "Loo! Debe limepata miwani!" Watu wakacheka.

Sikucheka. "Wewe bibi," nikamwambia, "nimehangaika na kioo chako eda nzima. Utani una mipaka. Na huyo aliyekutuma mwambie nimemshinda, leo namchukua mama yangu." Nilisema hivyo huku nimemkazia macho kaka, ili asipate shida ya kukisia.

Bibi akaacha kucheka. Sikuwahi kuuona uso wake bila kicheko. Ulikuwa uso wa mtu mzima aliyechoka. Akamgeukia mama. "Mwambie mwenyewe," akasema. "Mimi yangu nilishamaliza."

Mama akasema, "Nilimtuma mimi."

Nikadhani anamkingia kaka kifua. Akatikisa kichwa. "Kaka yako hajui lolote. Kanzu nilimtolea mimi sandukuni. Nilimwambia akuzuie. Mchi aliuongeza mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Ulishatangaza mbele za watu. Ningekukatalia vipi siku ya kumzika baba yako? Nikasema mtani atalifikisha, mtani anaruhusiwa."

"Ungeniambia baadaye! Nimekuja hapa mara ngapi?"

"Nilikwambia." Hakupandisha sauti. "Nilikwambia nyumba ya mkwe haikaliwi. Nikae na mume wako, choo kimoja, yeye anatoka na kopo, mimi naingia na kopo, aibu hiyo nitaificha wapi? Nilikwambia sijui nitamwachia nani kaburi. Kila nikikwambia, wewe unaniambia kioo kimefika wapi."

Wanawake wote walikuwa wanatazama chini. Nilisikia hasira, wallahi, hasira ya mtoto mdogo, ya kugaragara chini. Nikamwambia, "Basi kaa na mwanao."

"Na wewe ni mwanangu."

"Mimi mgeni wako tu," nikasema, nikapanda kirikuu. Sikumuaga, na kaka sikumwomba radhi. Sijamwomba mpaka leo.

Nilifika Lindi adhuhuri. Mume wangu alikuwa barazani, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, anamsubiri mkwe wake. Ni mtu mpole. Tangu nilipomwambia mama anakuja hakuwahi kutamka neno la kupinga. Akasimama, akachungulia kiti cha pili.

"Mama yuko wapi?"

"Hataki."

"Subhanallah," akasema. "Basi, inshallah siku nyingine." Akageuka kuingia ndani, na kabla pazia halijatulia nilimsikia, kwa masikio yangu haya, akishusha pumzi.