Taa ya Tangi la Irving

Nimeikumbuka siku moja ya mvua ya mawe, mwanangu, na aliyenikumbusha ni wewe. Jana ulinipigia kutoka Missouri City ukaniuliza ununue taa gani kwa lile tangi kubwa la samaki mliloliweka sebuleni, wewe na mumeo Daudi, mkapanda humo mimea ya majini. Ulisema umeiona moja kali sana dukani, mpaka anayepita barabarani ataiona kupitia pazia. Halafu ukachomekea tu, kana kwamba ni habari ya hali ya hewa, kwamba siku hizi wewe na mumeo mnaonana kwenye simu zaidi kuliko ana kwa ana, kwa kuwa wewe ni muuguzi wa usiku na yeye anatoka asubuhi kwenda ofisini Houston. Ukacheka. Mimi sikucheka, nikakuambia nitakujibu baadaye.

Basi jibu ndilo hili, na univumilie. Wazee tukiulizwa habari ya taa tunaanzia mbali, kwenye nguzo ya umeme.

Ulizaliwa Irving, kando ya Dallas, kwenye apartimenti za karibu na uwanja wa ndege. Mimi nilikuwa napakia mizigo ya ndege mchana, mama yako alikuwa muuguzi wa usiku kama wewe, na gari lilikuwa moja. Asubuhi yeye anaingia, mimi natoka, ananikabidhi funguo mlangoni. Jioni mimi naingia, yeye anatoka, namrudishia funguo zile zile. "Mafuta yapo?" "Yapo." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya siku nzima. Utasema ndoa gani hiyo. Ni ndoa ya watu wengi huku, mwanangu, wala hatukuwa na ugomvi wowote. Ndiyo maana hatukushtuka.

Ulipozaliwa, bibi yako mzaa mama alikuja kutoka Same kukulea, kama mabibi wanavyofanya. Siku zile zile jirani mmoja aliyekuwa anahama akatuachia tangi refu kuliko kochi letu. Bahati nzuri tulikaa chini kabisa, maana tangi kama lile likijaa maji si kitu cha kumwekea mwenzio juu ya dari. Mama yako alilipenda papo hapo. Alikuwa akikaa nalo, mikono ndani ya maji hadi kwenye viwiko, akifunga majani mapana kwenye kipande cha gogo kwa uzi, akipanda mengine marefu kwenye mchanga, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nilimsikia akiimba. Naomba ulishike hilo. Lile tangi lilikuwa lake.

Taa iliyokuja nalo ilikuwa tyubu hafifu, mwanga wake haukufika chini. Nikajitia fundi. Nikaenda dukani nikachukua inayowaka kuliko zote, nikiwaza kwamba kama mmea unapenda mwanga, basi upewe hadi ushibe. Na mama yako mwenyewe aliiunga mkono, akasema sasa nyumba imepata sebule.

Hapo likaja suala la saa. Mama yako akitoka kazini alitaka akute taa inawaka, anywe chai akitazama majani yake kabla ya kulala. Mimi nikirudi jioni na mgongo unauma, nilitaka nami nikute inawaka. Aliyekuwa nyumbani muda wote ni bibi yako. Anaambiwa na mwanawe awashe asubuhi, anaambiwa na mimi jioni isizimwe. Naye angefanyaje? Akaiacha iwake kutwa nzima.

Haikuchukua muda. Kioo kikaota utando wa kijani, majani yakaota nyuzi kama nywele, maji yakawa ya rangi ya mchicha uliochemka. Samaki tukawa tunawaona kwa kubahatisha. Mama yako akimwambia bibi, "Mwambie Baba Namsifu aache kuwasha taa hadi usiku." Mimi nikimwambia, "Mama, mwambie Mama Namsifu taa ya asubuhi ndiyo inayoharibu." Bibi wa watu, aliyevuka bahari kuja kumwogesha mjukuu, tukamgeuza tarishi.

Sasa hiyo siku ya mvua ya mawe. Alasiri mbingu iligeuka rangi ya kijani, unazijua mbingu za Dallas zikiamua, uwanja ukasimamisha kazi, nasi tukaambiwa twende. Nilifika nyumbani gari limebonyea huku na huku. Mama yako alikuwa chumbani, pazia nene limeshushwa, amelala hata mawe yale hakuyasikia. Bibi yako alikuwa amesimama mbele ya tangi, wewe umefungwa mgongoni mwake kwa kanga, taa inawaka kwa nguvu zake zote juu ya maji machafu.

Kwetu mama mkwe hamkemei mkwewe usoni. Ni aibu kwa wote wawili. Bibi yako akiwa na neno na mimi, alimwambia mtoto, na kazi yangu ilikuwa kusikia. Kwa hiyo hakugeuka. Alikutikisa kidogo mgongoni, akaanza.

"Mjukuu wangu, unayaona majani haya? Mama yako anataka kuyaona asubuhi. Baba yako anataka kuyaona jioni. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza yanalala saa ngapi."

Nikakaa kwenye kochi, buti zikiwa bado miguuni.

"Taa nzuri kweli kweli hii," akaendelea, sauti ile ile ya kubembeleza. "Ila wanaitazama kwa zamu. Akiwepo huyu, yule hayupo. Humu ndani ni mimi tu ninayewaona wote wawili, na mimi naondoka mwezi ujao. Mama yako anasema tutaondoka pamoja, mimi na yeye na wewe. Amechoka. Anasema hapa ameolewa na funguo za gari. Baba yako hajui. Wewe usimwambie."

Mwanangu, niliogopa. Nimepakia ndege kwenye barafu, nimekaa bila makaratasi ya uhamiaji, lakini woga ule sijaupata tena. Nilitazama ule mlango wa chumbani, nikajiona nimesimama sebuleni peke yangu na tangi na hiyo taa yangu ya kifahari. Nilitaka kumwamsha nimuulize. Kisha nikajiuliza nitaanzia wapi, maana sikujua hata mara ya mwisho tulizungumza nini kisichokuwa mafuta.

Nikafuata njia ya bibi. Nikasema, "Namsifu, mwanangu, hebu muulize bibi baba afanyeje."

Bibi akanyoosha mkono. Akazima taa.

"Mjukuu wangu, bibi hajui mambo ya samaki. Bibi anaona tu kwamba ipo saa moja nzima hapa, baba ameshaingia na mama hajatoka. Na saa hiyo watu wazima wawili wanaimalizia kutafuta viatu."

Akakaza kanga mgongoni. Akaenda jikoni kukukorogea uji.

Sikumwambia mama yako nilichosikia, si siku ile. Kesho yake nilimwambia bosi wangu sitaki tena ovataimu ya jioni, na ile saa moja ikawa mbili. Ile taa kali nikairudisha dukani, nikachukua ya wastani, ndefu kama tangi lenyewe, pamoja na taima ndogo ya kuchomeka ukutani. Nikaitega iwake alasiri, mama yako anapoamka, na izime ninapokwenda kulala. Asubuhi, giza. Mama yako alinung'unika, nikamwambia asubuhi majani yamelala na yeye akalale. Alinitazama kama mtu anayemtambua mtu.

Jioni ile nilipoingia sikumpa funguo. Nilizitundika kwenye msumari, nikachemsha chai, nikaketi mbele ya tangi. Alibaki amesimama. Kisha akaja akaketi. Hatukuzungumza la maana, alinionyesha tu jani moja lililooza na lingine linalochipua. Jioni ya pili hivyo hivyo. Tukakata yaliyooza pamoja, tukabadilisha maji kidogo kidogo kila wiki, nywele zile zikapungua. Ilipopita muda akaniambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba alikuwa amefikiria kuondoka. Nikamwambia najua. Tukalia wote wawili, tena sana, na wewe ukaamka ukatusaidia.

Bibi yako aliondoka peke yake. Pale uwanjani alikukumbatia, akakuambia, "Mwambie baba, taa hii ya sasa ni nzuri." Mama yako hakuelewa kwa nini nilikuwa nafuta macho.

Sasa nikujibu. Siku hizi taa ni za LED na unaweza kuzipunguza mwanga, nyie mna bahati. Tafuta inayofunika tangi kutoka ncha hadi ncha, na likiwa refu mno chukua mbili ziunganishe, pembeni pasibaki giza. Pima kina kwanza, kwa sababu tangi lenu ni la kina na mwanga lazima ufike mchangani. Kama mimea yenu ni ile ya majani mapana ya kijani, mwanga wa wastani unaitosha. Ile myekundu ndiyo inayodai mkali, na ukiipa mkali itadai na gesi ya kaboni ya kuwekwa majini na mbolea, na wewe huna muda huo. Anza chini, ongeza taratibu. Msiliweke karibu na dirisha la magharibi, jua la Texas halina taima. Na saa za kuwaka zisizidi nane kwa siku.

Ila saa zipi, hapo ndipo ninapokusihi. Mmea haujali ni asubuhi au jioni, unachotaka ni kuzoea tu. Kwa hiyo usitege taa kwa ajili yako, wala kwa ajili ya Daudi, wala ya anayepita barabarani. Kaeni mtafute ile saa ambayo nyote wawili mko nyumbani macho, hata kama ni fupi, muitege hapo katikati. Ikiwaka, weka simu chini, keti. Kama saa hiyo haipo kabisa, mwanangu, basi msinunue taa kwanza. Badilisheni shifti.

Mungu awatunzie maji yawe safi na nyumba iwe na watu wawili ndani yake. Awape jioni nyingi, na majani yachipue mkiyaona pamoja.

Na usinishukuru mimi. Maneno haya uliambiwa wewe kwanza, ukiwa mgongoni mwa bibi yako, umelala fofofo. Mimi nilikuwa nasikiliza tu.