Aina Tisa za Risasi, Mtutu Mmoja

Niseme mapema, usije ukanipa sifa nisizostahili: kwa miezi saba nilikuwa na bunduki ya mashindano ya shabaha na sikushindana hata mara moja, kwa sababu nilikuwa bado sijachagua risasi.

Mchezo wenyewe ni wa kukaa. Unakaa kwenye kiti mbele ya meza nzito, bunduki imelala juu ya mifuko ya mchanga, unapiga risasi tano kwenye karatasi iliyo yadi mia moja mbele yako. Hakuna anayejali kama umepiga katikati kabisa. Kinachopimwa ni jinsi matundu yale matano yalivyokaribiana, na wanaojua huyarundika mpaka yanakuwa tundu moja lenye kingo za mawimbi. Kazini kwangu Laurel, Maryland, tulikuwa tunakagua fomu za serikali kutafuta makosa ya watu wengine, na siku mwenzangu aliponionyesha karatasi ya namna hiyo, nilihisi kile ambacho watu kanisani husimulia wanapotoa ushuhuda. Hatimaye mchezo wa mtu anayerudi mara tatu kuangalia kama amefunga mlango.

Sikuwa na mwalimu. Nilijifunza kwenye mtandao, ambako wanaume nisiowajua walibishana kurasa arobaini kuhusu kitako cha risasi. Niliwaamini wote, na hilo ndilo lililokuwa tatizo.

Kile kichwa cha risasi, yaani kipande kinachoruka na kuliacha ganda nyuma, wengine hukinunua cha kiwandani. Lakini wanaojua hununua vya mikono, kutoka kwa wazee wanaokaa kwenye gereji zao wakivikandamiza kimoja kimoja. Kuna vyenye kitako bapa na vyenye kitako kilichopunguzwa. Kuna vyenye pua ndefu, vifupi, vizito kidogo, vyepesi kidogo. Kila mzee ana wafuasi wanaoapa kwamba wazee wengine wote wanabahatisha. Kufikia Aprili nilikuwa na aina tisa chini ya kitanda, kila boksi na namba yake.

Nilikuwa naishi na shangazi yangu. Kwa kuwa nilipewa jina la babake, ananiita Baba, nami humwita Anti, na hunigombeza kwa jina hilohilo bila kuona ugumu wowote. Alikuwa akitunza wazee huko Temple Hills, zamu ndefu, Jumamosi zote. Meza ya jikoni ilikuwa moja, na nilikuwa nimeifanya maabara. Nilipima vichwa vya risasi kwenye mizani ndogo nikiwa nimebana pumzi. Siku moja niligundua kwamba mtetemo wa friji unaisogeza ile mizani, nikachomoa waya wa friji, kisha nikasahau kuurudisha. Nyama ya ushirika wa Jumapili iliharibika, na kina mama kumi na wawili wakala sukuma wiki na ugali huku wakiniangalia.

Jirani yetu wa juu, Mtanzania aliyekuwa dereva ubalozini, aliteremka siku hiyo kurudisha sufuria. Nikamwamkia, akaitikia, akasimama kuangalia ile mistari ya vichwa vya risasi juu ya kitambaa cheupe.

“Samahani, mdogo wangu. Hizi zote zinaua nini?”

“Karatasi.”

“Karatasi.” Akatafakari kwa adabu. “Na hiyo karatasi inajua tofauti?”

Nilimweleza kwa nusu saa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema hongera, na tangu siku hiyo sufuria zetu alikuwa anaziacha mlangoni.

Mashindano ya kwanza yalikuwa Mei. Anti alibadilishana zamu na mwenzake ili aje kunitazama. Siku mbili kabla, namba tatu ilipiga vizuri kuliko namba saba, ambayo wiki iliyotangulia ilikuwa imeishinda namba tatu. Nikaahirisha. Ya pili yalikuwa Julai. Akabadilishana zamu tena, safari hii kwa kukubali kufanya Jumapili mbili, na Anti kukosa kanisa ni jambo zito. Nikaahirisha tena, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba majaribio yanayofanywa wakati wa unyevunyevu hayaaminiki, na Maryland mwezi wa Julai ni kama kuishi ndani ya sufuria iliyofunikwa.

Hakugomba. Alikunja gauni alilokuwa ameliandaa, akasema polepole: “Sawa, Baba. Ya Septemba nimeshaombea ruhusa. Ukiahirisha tena, nitakuita mbele kanisani uombewe. Na watakapouliza unaombewa nini, nitawaambia.”

Nilijua angefanya. Nilijiona nimepiga magoti, mikono ishirini kichwani, mchungaji akikemea roho ya kutochagua.

Kwa hiyo nilichagua. Mwanzoni mwa Septemba, daftari langu la tatu lilithibitisha bila shaka kwamba bora ni namba nne. Kitako bapa, pua fupi, kutoka kwa mzee wa milimani ambaye huandika kwenye boksi kwa kalamu, kwa mwandiko uliopindapinda. Nikathibitisha tena. Nikathibitisha kwamba nimethibitisha. Na hapo namba nne ikaanza kutawanyika. Matundu yaliyokuwa yakigusana yakaachana, moja likaenda kukaa peke yake kama mgeni asiyejua watu. Nikalaumu upepo, nikalaumu chai ya asubuhi, nikaacha chai. Nikajaribu namba sita: vilevile. Namba moja: vibaya zaidi.

Kwenye uwanja wa shabaha nilikofanyia majaribio kulikuwa na mzee Mmarekani, mkulima mstaafu, aliyekuwa ananisalimia kila nikienda. Yeye alikuwa ametumia aina moja ya risasi kwa miaka kumi na tano. Niliwahi kumuuliza kwa nini hiyo, akajibu kwamba ana maboksi mengi. Jumatano ile, siku tatu kabla ya mashindano, alikuja kusimama nyuma yangu akaangalia karatasi zangu.

“Umepiga risasi ngapi kwa mtutu huu?”

Swali hilo lilinifurahisha, maana nilikuwa na jibu. Nikafungua daftari. “Elfu moja mia sita na arobaini.”

Akainama kuisoma namba ile. “Na ulipoununua, mtutu wenyewe ulikuwa umeshapiga ngapi?”

Nilifunua kurasa nikijua hakuna cha kutafuta. Bunduki niliinunua kwa mtu aliyekwisha kuitumia, na nilikuwa nimemuuliza joto la chumba alimokuwa anaiweka. Nilimuuliza aina ya mafuta. Hilo sikumuuliza.

Mzee akaleta darubini nyembamba yenye taa, ya kuchungulia ndani ya mtutu, akanionyesha. Pale risasi inapoanzia safari, chuma kilikuwa kimepasukapasuka kama matope yaliyokauka. Moto wa baruti hufanya hivyo, kidogo kidogo, kila risasi.

“Umekwisha,” akasema. “Weka mwingine.”

“Na namba nne?”

“Mtutu mpya utapenda inayopendwa na mtutu mpya.” Alinishika bega kwa huruma ya kweli. “Utaanza upya.”

Nilirudi nyumbani nikiwa nimefarijika kwa namna ya aibu, na ninakiri hapa kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na sababu halali kabisa ya kutokwenda. Ilikuwa sababu ya chuma. Nikamngojea Anti avue viatu.

“Anti, bunduki imekwisha.”

“Imeibiwa?”

“Hapana. Mtutu umechoka.”

“Umechoka kufanya nini, na hujawahi kwenda popote?”

“Kuchagua.”

Akakaa chini, kiatu kimoja mkononi. “Ngoja nielewe. Umemaliza bunduki yote ukichagua risasi ya kuweka kwenye bunduki.”

“Kwa kifupi.”

“Ukibonyeza, risasi inatoka mbele?”

“Inatoka, lakini—”

“Basi Jumamosi tunaenda. Na nitavaa lile gauni.”

Alilivaa. Alikaa nyuma ya mstari kwenye kiti cha kukunja, vizuia-kelele juu ya kilemba cha kanisani, mkoba magotini. Tulikuwa watu ishirini na wawili na karatasi tano za kupiga. Katika mchezo huu watu hujaza maganda yao palepale uwanjani, kati ya karatasi moja na nyingine, kwa hiyo nilikuwa nimebeba aina zote tisa. Karatasi ya kwanza nilitumia namba nne, kwa uaminifu. Ikatawanyika. Ya pili nikatumia namba saba. Kabla ya ya tatu nilisimama mbele ya maboksi yangu, nikiyafungua na kuyafunga. Wenzangu walikuwa wameshaanza kubeba bunduki zao kwenda mezani.

Uwanja ulikuwa kimya kabisa. Ndipo ikasikika sauti kutoka nyuma, kubwa kuliko alivyodhani mwenyewe kwa sababu masikio yake yalikuwa yamezibwa.

“Baba. Wacha kuchagua. Piga.”

Watu ishirini na mmoja waligeuka. Hakuna aliyeelewa hata neno, na wote walielewa. Nikashika boksi lililokuwa mkononi, la namba mbili, ambalo sijawahi kulipenda, nikajaza maganda yangu, nikaenda kukaa. Nilipiga tano. Karatasi ya nne namba mbili, ya tano namba mbili. Nilipiga zote, na karatasi zangu zikachukuliwa kwenda kupimwa pamoja na za watu wengine, jambo nililokuwa nimeliogopa kwa miezi saba. Lilichukua muda mfupi sana.

Matokeo yalibandikwa ukutani. Anti aliyasoma akifuatisha kwa kidole kutoka juu, jina baada ya jina, bila haraka, mpaka akanifikia. Akatazama karatasi zangu.

“Hizi tano zote ni zako? Zote ziliingia?”

“Ziliingia.”

“Hakuna iliyokwenda nje?”

“Hapana, Anti. Lakini hapa si hivyo wanavyo—”

Alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea kwenye gari.

Tulipokuwa barabarani alikwaruza kadi ya simu kwa ukucha, akabonyeza zile tarakimu zote, akampata mamangu huko kwetu, ng'ambo ya bahari. Mimi nilikuwa naendesha.

“Amepiga,” akasema. “Ndiyo, leo. Mbele ya wazungu wote. Amekuwa wa ishirini na mbili.” Akasikiliza. “Wa ishirini na mbili, nakwambia. Marekani.”

“Anti, mwambie tulikuwa wangapi.”

Aliifunika simu kwa kiganja. “Baba, endesha gari.” Akaifunua. “Anasema barabara ni nzuri. Ee. Ishirini na mbili. Waambie majirani.”