Kibanio Kwenye Ukurasa wa Tathmini

Saa moja na robo asubuhi, darasa la pili bado ni tupu. Msaidizi wa darasa anafuta ubao kwa kitambaa kibichi, mara mbili, kisha anasubiri ukauke. "Ukiandika ubaoni kukiwa na maji, chaki inateleza, watoto wanabaki kusoma ukungu," anasema.

Anaketi na kufungua andalio la somo, lile daftari ambalo mwalimu hupanga humo atakachofundisha. Lengo limeandikwa, zana zimeandikwa, hatua zote zimeandikwa. Chini kabisa, penye neno Tathmini, hapana kitu. Ukurasa umekunjwa kuifunika sehemu hiyo, ukabanwa kwa kibanio cha nguo cha kijani, kilichomeguka jino moja.

"Hapo mkono wangu haufiki kabla somo halijafundishwa," anasema huku akitazama dirishani. "Nilishaaibika mara moja. Yatosha."

Ana miaka thelathini na minne. Kwa miaka tisa amechonga penseli, amesahihisha madaftari, amewapeleka wadogo chooni na kuwafunga kamba za viatu. Posho yake hutoka kwenye michango ya wazazi. Mwezi wakikwama wao, naye hukwama. Mtaani wanamwita Mwalimu. Hajawahi kuwakatalia.

Anachokitaka ni chuo cha ualimu. Hisabati ilimwangusha mara mbili, akaifaulu mwaka jana kwa kurudia mtihani. Kilichobaki ni barua ya mwalimu mkuu inayothibitisha kwamba anaweza kulibeba darasa, na fomu zinapokelewa mpaka Ijumaa ijayo.

Nafasi ya kujionyesha aliipata mwanzoni mwa mwaka, mwalimu wa darasa la pili alipokwenda kujifungua. Alimwachia funguo za kabati, rula ndefu ya ubao, na andalio lake la mwaka uliopita.

"Aliniambia, dada, hili ni la kuangalizia tu. Mimi nikalinakili lote, neno kwa neno. Mwandiko wangu ni mzuri, basi nikaona nimemaliza kazi."

Alinakili na tathmini.

Wiki ya tatu akaja mkaguzi, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Alisoma lile andalio polepole, kidole kikifuata mistari.

"Somo la hesabu za kutoa ni saa ngapi?" akauliza.

"Saa tatu, mama."

"Na sasa hivi?"

"Saa mbili na nusu."

"Hapa umeandika wanafunzi thelathini na wanane kati ya arobaini na mmoja wameelewa. Wameelewa jana usiku wakiwa wamelala?"

Mkaguzi akainuka, akahesabu vichwa kwa ncha ya kalamu, akarudi kuketi.

"Darasa lina watoto thelathini na sita. Hawa wengine uliowafaulisha wako wapi, tuwape madawati?"

Mwalimu wa darasa la jirani, aliyekuwa mlangoni akiomba chaki, aliziba mdomo kwa kiganja. Kabla ya mapumziko ya chai, chumba cha walimu kizima kilikuwa na habari. Mmoja alimwuliza kama wale wanafunzi hewa nao wapikiwe uji.

"Nilitamani sakafu ipasuke," anasema. "Lakini kilichoniumiza si vile vicheko. Mkaguzi aliniuliza jambo moja la mwisho, kwa sauti ya chini kabisa: 'Hao watatu walioshindwa ni akina nani?' Sikuwa na jina hata moja. Miaka tisa naitwa Mwalimu, na sijui nani haelewi."

Siku mbili hakwenda kazini. Alisema ana mafua. Mama yake, mshonaji anayeishi naye, alimtazama hadi jioni ya pili.

"Mafua gani haya yasiyo na kamasi?" akamwuliza.

Akamsimulia yote. Mama mtu hakusimamisha cherehani.

"Mwanangu, mimi gauni likikosewa nalifumua. Ila sijawahi kumwambia mteja limemkaa kabla hajalivaa. Wewe umemwambia." Kisha akanyoosha mkono kwenye kamba ya nguo, akachomoa kibanio. "Shika. Kabane huo ukurasa."

Mwalimu mkuu naye hakumfukuza. "Barua naweza kuiandika sasa hivi," alimwambia. "Lakini niandike nini, dada? Njia ya mwongo ni fupi. Niletee tathmini za muhula mzima, za kweli. Nitazisoma moja moja."

Muhula unafungwa wiki ijayo, na kati ya tathmini alizotakiwa kupeleka imebaki moja tu, ya leo. Kesho asubuhi daftari linakwenda mezani kwa mwalimu mkuu.

Saa tatu somo linaanza: kutoa kwa kukopa. Vizibo vya soda vinagawiwa, kumikumi. Leo kuna mgeni nyuma ya darasa, mwandishi wa makala haya na kalamu yake, na msaidizi anafundisha kwa sauti ya juu kidogo, anafuta ubao mapema kidogo. Mtoto mmoja wa dawati la mbele ananyoosha kidole, anakishusha mwenyewe.

Anasahihisha madaftari yote palepale, akiwa amesimama. Ishirini na tisa wamepata. Saba wamekosa, na ni wengi kuliko siku yoyote ya mwezi huu.

Anachomoa kibanio. Anashika kalamu.

"Ningeandika wawili, nani angejua?" anasema, kana kwamba anajiuliza mwenyewe.

Anaandika majina saba, moja chini ya jingine. La mwisho ni la yule aliyeshusha kidole. Chini yake anaongeza kwa mwandiko wake mzuri: *Hawajaelewa. Kosa ni langu. Nilikuwa na mgeni, nikamfundisha yeye. Kesho nianze na hawa.*

Akipata barua, chuo ni miaka miwili, na anataka kurudi darasa hilihili. Asipoipata, ataomba tena mwakani.

"Mtaani nimeshaanza kuwaambia mimi ni msaidizi," anasema. "Wengine wanacheka, wanadhani najishusha tu."

Anafunua ukurasa wa kesho, anaukunja, anaubana.