Sifuri ya Waithira

Waithira wa kijiji cha Gatitu hakuwa amelala hospitali hata siku moja, na hilo alilitangaza vile wengine wanavyotangaza digrii za watoto wao. Watoto sita, wote aliwazaa nyumbani. Kisukari alikuwa nacho mwaka wa kumi na mbili sasa, lakini alikiita mgeni wake, ati kinakula anachokula yeye na hakimsumbui.

Basi muuguzi alipokuja asubuhi ile ya Julai, alimkuta amekaa wima, gambuti za mpira miguuni, mguu wa kulia umepumzika kwenye ukingo wa jiko, kama wanawake wa huku wanavyofanya baridi ikizidi. Ndani kulikuwa na harufu ya mpira. Waithira aliwalaumu majirani, hao wa kuchoma takataka.

Muuguzi alikuwa Mwanaisha, msichana wa Majengo pale mjini Nyeri. Alieleza kwamba anafanya utafiti, anataka kujua watu wenye magonjwa ya kudumu wanasikia nini mwilini na wanavumilia vipi. Akatoa karatasi ya ruhusa na wino wa kidole.

"Hiyo wino rudisha," Waithira akasema. "Mimi niko na jina."

Akaliandika herufi moja moja, muuguzi akingoja.

Maswali yakaanza. Uchungu, kutoka sifuri mpaka kumi? Sifuri. Uchovu? Sifuri. Usingizi je? Mzuri. Nyawira, mke wa mwanawe, aliyekuwa mlangoni akikata sukuma wiki, akakohoa. Waithira akamtupia jicho moja, kikohozi kikaisha.

"Na miguu, shosho?" Mwanaisha akauliza, akimwita bibi kwa lugha ya huku.

"Miguu ndiyo sifuri kabisa. Ilikuwa inawaka kama pilipili, nikaishinda. Tangu mwaka jana haijasema kitu."

Akangoja kusifiwa. Kalamu ya Mwanaisha ikasimama. Msichana akatazama jiko, akatazama ile gambuti, soli yake imejikunja na kutoa moshi mwembamba.

Akausogeza mguu ule pole pole kutoka motoni, akaomba viatu vivuliwe. Waithira akamwambia kwamba mama mzima havuliwi viatu na mtoto.

"Shosho, ungeniambia kumi nisingeogopa," Mwanaisha akasema. "Hiyo sifuri yako ndiyo naogopa."

Mwishowe Waithira akavua gambuti ya kushoto, hiyo moja tu, ili mtoto aaibike.

Mwanaisha alitoa kijiti chenye uzi wa nailoni. Alieleza kwamba atagusa wayo, naye Waithira, macho yamefungwa, aseme kila akiguswa. Waithira akafunga macho. Bangili za Mwanaisha zikalia, akasema hapo. Zikalia tena, akasema hapo. Alikuwa akimshinda huyu msichana vizuri sana. Halafu akasikia bangili zikivuliwa na kuwekwa mezani.

Akangoja. Nyawira aliacha kukata mboga. Waithira akangoja mpaka akaona anachezewa, akafungua macho amgombeze.

"Si uanze?"

"Nimemaliza, shosho. Nimegusa mara kumi."

Waithira aliinama, akavua gambuti ya kulia kwa mikono yake mwenyewe. Soksi iligoma, ikatoka na ngozi. Chini ya vidole kulikuwa na shimo jeusi la moto, na si la leo peke yake. Aliutazama mguu ule kama mguu wa mtu mwingine.

"Wataukata?"

"Sijui. Tukienda sasa hivi, labda utabaki."

Alisimama atembee mpaka barabarani. Mwanaisha akamkataza kukanyaga. Nyawira akachuchumaa, akampa mgongo bila neno, na Waithira, ambaye hajabebwa tangu utotoni, akapanda. Njiani alimwambia tu anyooshe mgongo, anamwangusha.

Alilala hospitali wiki tatu. Vidole viwili vilienda. Mguu ulibaki. Kwenye karatasi ya upasuaji aliandika jina lake mwenyewe, daktari akingoja. Mwanaisha alipopita kumwona, Waithira alimwagiza afute ile sifuri ya miguu na aandike hasikii.

Siku hizi, kila asubuhi kabla ya chai, Nyawira humshikia kioo chini ya wayo. Waithira hukagua sana, kidole kwa kidole, huku akilalamika kwamba kioo kimeshikwa upande.