Sabuni ya Tonton

Jirani yangu hupika sabuni ya mawese uani, na siku ya kuipika mimi hufunga madirisha yote, harufu isiingie. Anadhani nina maringo.

Wakati wa vita, nilipokuwa mtoto, tulikuwa tukitembea kutoka upande wa Banalia kurudi mjini: mama, dada zangu, mjomba wetu tuliyemwita tonton, na mimi, kila mtu na mzigo wake. Desturi yetu ilikuwa kubadilishana kila tukifika kwenye kijito, ili mzito usimkae mtu mmoja shingoni. Siku ile hakuna pikipiki iliyopita, na hata ndege wa porini walikuwa kimya.

Kwenye kijito kimoja tonton alifungua kikapu chake.

"Bon, mugawane yangu. Miye naenda kuangalia daraja ya kule mbele. Njia ikiwa muzuri, nitapiga muluzi."

"Alors, unagawa juu ya nini?" mama akamuuliza. "Si unarudia hapa?"

Tonton akatia mkono kikapuni. Mchele akampa mama, samaki wa moshi akawapa dada zangu. Kisha akafunga kipande cha sabuni ya mawese ndani ya shati lake la Jumapili, akaniwekea kichwani.

"Ya mutoto iko hii. Haina uzito."

Tuliusubiri mluzi mpaka sauti ya maji ikaanza kututisha. Mwishowe mama akasimama, akatuingiza kwenye njia ya pori, mbali na daraja.

Kwenye kijito kilichofuata tulibadilishana mizigo kama kawaida. Wa kwangu, shati la tonton na sabuni yake, hakuna aliyenyoosha mkono kuupokea.