Bibi Maryamu Kabatini kwa Mama

Kabati la mama lilinukia udi, na upande wa ndani wa mlango wake aliishi Bibi Maryamu. Baba alipewa kalenda na Mtaliano mmoja wa ofisini kwao, yenye picha zilizochorwa karne tano nyuma, akaitundika sebuleni kwetu Wadi Kabir, Maskati. Bibi, mamake baba, akaja juu: "Mnanitilia sanamu chumba nnachosalia? Malaika watapita wapi?" Baba alipomwambia kuwa yule ni Bibi Maryamu na Nabii Isa, ndiyo kwanza mambo yakaharibika. Kutundikwa haiwezekani, kutupwa jaani ndiyo haramu kabisa. Mama akaikata picha ile moja, akaibandika kabatini, mlango ukafungwa, na malaika wetu wakapata njia.

Nilikuwa na miaka minane. Likizo ile ya joto, gereji za jirani zikigonga mabati kutwa, nilishinda nikifungua kabati kuitazama ile picha. Mtoto mnono yuko mapajani. Bibi Maryamu kainamisha macho, midomo kaibana kama anayezuia kilio. Nyuma yao, upande mmoja, majabali makavu, wallahi kama haya yetu. Upande wa pili njia nyembamba inapindapinda mpaka kwenye milima ya buluu, haina mtu hata mmoja.

"Mbona kanuna, na mtoto mzuri hivi?" nilimwuliza mama.

"Hakununa. Anamuaga."

"Anamuagaje naye kampakata?"

Mama akaifuata ile njia kwa ncha ya kidole. "Kampakata leo," akasema, akafunga kabati.

Ya Rabbi, nilivyoogopa! Kwa akili yangu, mtoto wa kuagwa ni mimi. Sokoni Matrah niling'ang'ania abaya yake mpaka wenye maduka wakanicheka, na kila akivaa viatu nililia. Mwishowe Bibi akachoka nami: "Wee mtoto, nani akuache wewe? Mamako anamlilia Nassor." Hivyo ndivyo nilivyojua kuwa nina kaka Unguja. Mama alipoachwa na mume wake wa kwanza, yule bwana alimzuia mtoto, naye hata ziwa hajaacha sawasawa. Mama akaja Maskati peke yake, akaolewa na baba yangu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nilishusha pumzi, kisha nikamwonea wivu huyo kaka.

Siku hizi wanangu wananiona kwenye simu popote nilipo, wananionesha mpaka meno yaliyong'oka. Mama hakuwa na hilo. Nassor alikuja baba yake alipofariki, mimi niko chuo, yeye mtu mzima mwenye ndevu. Mama alipika tangu alfajiri. Akaketi ubavuni mwake mkekani, akamchambulia nguru mwiba mmoja mmoja, akamsogezea minofu upande wake wa sinia.

"Ahsante, Bi Salma," kaka akasema kwa adabu. "Lakini mimi samaki sili, tangu mdogo."

Mama akairudisha minofu upande wake, akaila yote.